Msalaba unaounguza, Mungu aliyenyamaza: filamu za kutisha na drama katika kuukosoa Ukristo

Anayetafuta filamu yenye kuukosoa Ukristo kwa uzito huelekezwa kwenye drama: askofu anayeficha uovu, mchungaji aliyepoteza imani, mtawa mkali asiyesamehe. Za kutisha huambiwa aziache, eti ni kelele na damu tu. Kiongozi wa vijana kanisani naye hufanya kinyume: za kutisha anazipiga marufuku kwa kuwa "ni za kishetani", drama anaipitisha bila hata kuionja. Wote wawili wamekosea. Filamu ya kutisha humdhihaki padri lakini humwamini Mungu wake. Drama humhurumia padri, ila haina hakika kama kuna anayemsikiliza akisali.

Ukitaka kuchagua kati ya hizi mbili, kuna kipimo kimoja kizuri kuliko idadi ya misalaba kwenye bango. Tafuta mahali ambapo mtu anasali, kisha angalia kamera inamjibu nini. Kitu kikitokea, iwe ngozi kuungua, mlango kujibamiza au sauti kunyamaza ghafla, umo katika ulimwengu ambamo Ukristo ni wa kweli hata kama Wakristo wote waliomo ni wabaya. Kisipotokea kitu, kamera ikabaki kwenye uso wa anayesali hadi mtazamaji anajikunakuna, hiyo ni drama, na ukosoaji wake utapita njia nyingine.

Maji ya bomba

The Exorcist (1973, mwongozaji William Friedkin, dakika 122) ndiyo iliyoweka kanuni, na ina sifa moja ambayo waigaji wake wengi waliitupa. Kabla padri hajaitwa, mtoto, msichana anayeonekana kupagawa na pepo, anapitishwa hospitalini: vipimo vya ubongo, sindano ya shingoni inayorusha damu, jopo la madaktari. Ni madaktari hao, si padri, wanaotaja kwanza ibada ya kupunga pepo, tena kwa hoja ya kitabibu: anayeamini amepagawa huenda akapona akiamini pepo limetoka. Padri Karras, Mjesuiti (wa shirika la kitawa la Kikatoliki) ambaye pia ni daktari wa magonjwa ya akili, hataki kuamini. Anamnyunyizia mtoto maji na kumwambia ni ya baraka. Mtoto anapiga mayowe na kujipinda kama aliyemwagiwa uji wa moto. Baadaye Karras anamwambia mama ukweli: yalikuwa ya bomba. Ushahidi umeegemea upande wa ugonjwa, na aliyeuegemeza huko ni padri.

Tukio hilo dogo linaikosoa dini vizuri kuliko hotuba nyingi za kwenye drama. Mwenye shaka ni mtu wa ndani, na anafanya jaribio la maabara kando ya kitanda cha mgonjwa. Filamu baadaye inasimama upande wa imani, lakini inafika huko kwa jasho.

Waigaji waliofuata walichukua matapishi ya mtoto yule wakaiacha shaka. Kitabu cha ibada cha Kiroma cha 1614 kinamwonya padri asikimbilie kuamini kwamba mtu amepagawa, halafu kinataja dalili: kusema lugha asiyoijua, kufichua mambo yaliyofichika, kuwa na nguvu zisizolingana na umri wala maumbile yake. Kanuni ya 1172 ya Sheria za Kanisa inadai ruhusa mahususi ya askofu, na ibada yenyewe ilifanyiwa marekebisho mwaka 1999. Waandishi wa filamu wamezichukua dalili zile kama ratiba ya kazi na kuliacha onyo lililotangulia. Katika The Conjuring (2013, dakika 112) ruhusa inachelewa kwa kuwa familia haijabatizwa, basi Ed Warren, mchunguzi wa mizimu ambaye ni mlei, yaani si padri, anaiendesha ibada mwenyewe na inafanikiwa. Asiyejua utaratibu huona ushujaa. Mkatoliki anayeujua hushika kichwa.

Mbona karibu kila mara ni Ukatoliki? Kwa sababu ya vyombo. Rozari, maji ya baraka, kola na Kilatini vyote vinaonekana au kusikika kwenye filamu. Mlokole anayekemea kwa jina la Yesu hana kitu mkononi, kwa hiyo waongozaji humpa kazi nyingine, ya kuwa mshupavu: mama katika Carrie (1976), Bi Carmody katika The Mist (2007). Mgawanyo huu hauna haki, na ni vizuri kuujua kabla hujachagua. Katika filamu za kutisha Mkatoliki hupewa mamlaka na mavumbi ya karne nyingi, Mprotestanti hupewa wazimu.

Kifo kimoja, filamu mbili

Ulinganisho ulio wazi kuliko wote ni wa filamu mbili zilizotoka mwaka mmoja baada ya nyingine kutokana na kisa kimoja. Anneliese Michel, mwanafunzi Mjerumani aliyekuwa na kifafa, alifariki tarehe 1 Julai 1976 akiwa na miaka 23 na uzito wa kilo 31 hivi, baada ya vikao 67 vya kupungwa pepo katika muda wa miezi kama kumi. Askofu wa Würzburg alikuwa ametoa ruhusa. Mwaka 1978 mahakama iliwatia hatiani watu wanne, yaani baba, mama na mapadri wawili, kwa kusababisha kifo kwa uzembe, ikawapa miezi sita ya kifungo cha nje.

The Exorcism of Emily Rose (2005, Scott Derrickson, kama saa mbili) inakihamishia kisa Marekani na kukifanya kesi. Angalia kwanza kilichotolewa: wazazi hawapo kizimbani. Anashtakiwa padri mmoja tu, mpole, asiye na haja ya kujiokoa. Wakili wake hana dini, mwendesha mashtaka ni mtu wa kanisani, na mpangilio huo wa kinyume ni wa akili sana. Tatizo liko kwenye picha. Daktari akisema "kifafa" tunamwona daktari. Padri akisema "pepo" tunaliona pepo. Hakuna baraza la wazee wa mahakama linaloweza kupima haki kwa mizani hiyo, na mtazamaji naye hawezi. Mwishoni Emily anakuwa karibu mtakatifu, aliyekubali mateso kwa hiari baada ya kutokewa na Bikira Maria, na swali la nani alipaswa kumlisha linayeyuka. Dawa ya Gambutrol inayotajwa mahakamani, kwa taarifa yako, ni ya kubuni.

Requiem (2006, Hans-Christian Schmid, dakika 93) inabaki Ujerumani ya miaka ya 1970 na kumwita msichana Michaela. Hakuna sauti nzito, hakuna macho meupe, hakuna kitanda kinachoruka. Kuna msichana anayekwenda chuo kikuu, anayecheza muziki hadi jasho linamtoka, anayepata mchumba, kisha siku moja anashindwa kuigusa rozari yake. Ni kifafa, ni woga wa mama, au ni kitu kingine? Kamera ya mkononi inamfuata na haisemi. Sandra Hüller, anayemwigiza Michaela, alipewa tuzo ya Dubu wa Fedha kwenye tamasha la filamu la Berlin kwa uigizaji huu, na ukitazama vidole vyake vinavyokakamaa utaelewa. Filamu inasimama kabla ya kifo. Maandishi machache yanamaliza habari.

Kati ya hizo mbili, kali zaidi kwa kanisa ni Requiem, ingawa ndiyo isiyopaza sauti. Emily Rose inakupa pepo la kulaumu. Requiem haina wa kunyoshewa kidole: baba anampenda, padri kijana anadhani anasaidia, rafiki anajaribu, na kila upendo unamsogeza hatua moja mbali na hospitali.

Ukizionyesha zote mbili kwa kikundi, usizibane usiku mmoja. Pamoja zinazidi saa tatu na nusu. Anza na Emily Rose. Ukitanguliza Requiem, ile ya Marekani itaonekana ya kitapeli na mjadala utaishia kwenye vicheko. Ukianza na Emily Rose, watu huingia kwenye ya pili wakiwa tayari na pepo kichwani, na ukimya wa Requiem unawalazimisha kujiuliza walilitoa wapi. Waambie mapema kwamba hakuna cha kuwashtua, la sivyo nusu ya kwanza wataimaliza wakiuliza "itaanza saa ngapi?". Na ni ya Kijerumani, kwa hiyo hakikisha nakala yako ina tafsiri chini ya picha kabla watu hawajakaa.

Mchawi wa kusingiziwa na mchawi wa kweli

Huko Salem, katika Marekani ya leo, mwaka 1692 watu 19 walinyongwa kwa uchawi na mmoja akafa kwa kulaliwa mawe. The Crucible (1996, Nicholas Hytner, dakika 124) inasema wazi kwamba wachawi hawakuwepo. Walikuwepo wasichana wenye hofu, majirani wenye uchu wa mashamba, na mahakimu waliozisikiliza ndoto kama ushahidi. The Witch (2015, Robert Eggers, dakika 92), inayotangulia Salem kwa takriban miaka sitini, inamwonyesha mchawi mapema kabisa, naye ni wa kweli.

Hapa pana mtego wa filamu zote za kutisha zenye wachawi. Mchawi akiwa wa kweli, wanyongaji walikuwa sahihi. The Conjuring inautumbukia kichwa kichwa: mzimu wake unapewa undugu na mwanamke aliyehukumiwa Salem, kana kwamba hukumu ile ilikuwa ya haki. Eggers anauruka mtego kwa kuhakikisha kwamba familia inaoza kabla mchawi hajaigusa. Baba, aliyefukuzwa kijijini kwa kiburi cha kujiona Mkristo safi kuliko wenzake, ameuza kwa siri kikombe cha fedha cha mkewe na kuacha binti ashukiwe. Porini mtoto wake Caleb anamuuliza kama kichanga kilichopotea bila ubatizo kiko motoni. Baba, mwenye jibu la kila kitu, hana jibu. Hilo ni dongo kwa theolojia yenyewe, si kwa mchungaji fulani mbaya, na drama chache hufika hapo. Sehemu kubwa ya mazungumzo imetokana na maandishi ya enzi hizo, kwa hiyo hata anayekijua Kiingereza vizuri awashe maandishi ya chini.

The Crucible, kwa upande wake, ina rehema isiyotarajiwa. Waliohukumiwa wanapanda kwenye kitanzi wakisema Baba Yetu kwa pamoja. Mahakama inawanyonga kwa jina la dini, sala inabaki kuwa yao. Kwa anayetaka kuikosoa taasisi bila kuigusa imani ya watu waliomo chumbani, ndiyo ya kuchukua.

Mwili unaoadhibiwa

Saint Maud (2019, Rose Glass, dakika 84) na First Reformed (2017, Paul Schrader, dakika 113) zinakaribiana mno kwa picha. Maud, muuguzi aliyeongoka juzi tu, anachomeka pini ndani ya viatu vyake na kutembea. Mchungaji Toller anajizungushia seng'enge mwilini. Mmoja yuko kwenye filamu ya kutisha, mwingine kwenye drama, na damu ni ileile.

Tofauti ni nani yuko karibu nao. Maud hana padri, hana jumuiya, hana hata mtu wa kumwambia "punguza". Mungu anazungumza naye kwa Kiwelshi. Ukosoaji unaangukia upweke na akili ya mtu mmoja, ukilisamehe kanisa ambalo halionekani. Toller ana kanisa dogo la kihistoria linaloishi kwa fedha za kanisa kubwa la jirani, nalo linafadhiliwa na tajiri mwenye kiwanda kinachochafua ardhi. Lawama yake ina anwani. Kisha tazama miisho: sekunde ya mwisho ya Saint Maud, fupi kama kope kufumba, inajibu swali lote kikatili, wakati First Reformed inakukatia palepale unapotaka kujua. Kwa mjadala kuhusu fedha na mimbari, chukua ya Schrader. Kwa mjadala kuhusu njozi na ugonjwa wa akili, ya Glass. Zote zina kujiumiza, na First Reformed ina mtu aliyejiua, kwa hiyo usimshtukize mtazamaji.

Ambapo filamu za kutisha zimeshindwa

Uovu wa taasisi hukaa kwenye mafaili, na filamu ya kutisha haijui kulitisha faili. Spotlight (2015, Tom McCarthy, dakika 129) inajua. Waandishi wa gazeti la Boston Globe, wanaowachunguza mapadri waliowadhulumu watoto kingono, wanachukua vitabu vya orodha ya mapadri vya kila mwaka na kufuatilia majina yaliyoandikiwa "likizo ya ugonjwa" au "hana kituo", mwaka baada ya mwaka, kwa rula na kalamu. Hesabu inapanda kutoka padri mmoja hadi karibu tisini. Hakuna dhuluma hata moja inayoonyeshwa. Kinachoumiza ni maneno ya waliotendewa, na orodha ndefu ya miji inayofunga filamu.

Linganisha na The Pope's Exorcist (2023), ambamo Mahakama ya Kidini ya Hispania inaelezwa kuwa matokeo ya padri aliyepagawa. Karne za mateso zinatundikwa shingoni mwa pepo mmoja! Inajiita ya kutisha na yenye kuthubutu, kumbe imeliandikia kanisa msamaha. Kila unapoona filamu inayofumbua dhambi ya kihistoria kwa jina la shetani, jua kwamba ukosoaji umezimwa.

Udhaifu huu una chimbuko. Kanuni za maadili za Hollywood, zilizotungwa 1930 kwa mchango wa padri Mjesuiti na mchapishaji mlei Mkatoliki na kusimamiwa kwa nguvu kuanzia 1934, zilikataza kuidhihaki dini yoyote na kuwatumia viongozi wa dini kama vichekesho au wahalifu. Mwaka 1952 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba filamu haiwezi kuzuiwa kwa sababu tu ni "kufuru", na 1968 kanuni hizo zikaachwa, zikaja alama za umri. Mlango ulipofunguka filamu za kutisha ziliingia kwa kishindo, lakini zikajifunza haraka kwamba padri jasiri anauza tiketi kuliko padri mhalifu.

Hoja kwa mdomo

Kama kikundi chako kinataka hoja zenyewe, Heretic (2024) inawaweka wamisionari wawili wasichana wa Kimormoni sebuleni kwa mwenyeji mwenye kufananisha dini na matoleo ya mchezo wa ubao wa Monopoly: kila linalofuata limenakili la kabla yake. Ni filamu ya kutisha nadra inayomwachia muumini ajibu, na msichana mmoja anamjibu vizuri. Ukishuka naye kwenye ghorofa ya chini, hoja zinageuka mtego wa panya. Mjadala wenu uchukue nusu ya kwanza. Silence (2016, Martin Scorsese, dakika 161) haina mabishano ya kuchekesha. Ina padri wa karne ya 17 nchini Japani anayetakiwa kuikanyaga sanamu ya Kristo ili wengine waache kuteswa. Ni ndefu, ya polepole, na mtu mwenye imani huwa anaondoka nayo akiwa na swali gumu kuliko la yule mwenyeji wa Heretic.

Nani achukue ipi

Kwa waumini na wasioamini wakiwa pamoja, The Crucible au Spotlight, kwa sababu hakuna upande unaolazimika kukubali pepo kwanza ndipo uendelee. Kwa waumini peke yao wanaotaka kusikia imani yao ikihojiwa na mtu anayeijua, The Witch au Silence. Kwa wanaojiita hawana dini na wanadhani za kutisha ni zao, The Exorcist. Wengi hushangaa ilivyo ya Kikatoliki, hadi wanapomwona padri akimpa mwenzake anayekufa maondoleo ya dhambi huku wameshikana mikono. Aliyeigiza huyo anayetoa maondoleo, William O'Malley, alikuwa Mjesuiti kweli.

Usimpe mtu filamu "ya Kikristo" ukidhani ni laini. The Passion of the Christ (2004) ina damu kuliko nyingi nilizozitaja hapa. Na maneno "imetokana na kisa cha kweli" yasikusaidie kuchagua lolote. Tafuta kwanza nani alitolewa kwenye kisa, kama wale wazazi wa Anneliese.

Ukiichukua The Exorcist, angalia urefu wake kwenye jalada. Ipo ya dakika 122 na ipo ya dakika 132 iliyotoka mwaka 2000. Ndefu imeongezewa mbwembwe zisizohitajika, nyuso za pepo zikimulika hapa na pale, na mwisho wake umelainishwa. Lakini kwa mazungumzo ya dini ndiyo ya kuchukua, kwa sababu ya dakika moja tu: mapadri wawili wamekaa kwenye ngazi wamechoka, kijana anauliza kwa nini iwe msichana huyu, na mzee anamjibu kwamba anadhani lengo ni sisi tukate tamaa, tujione wanyama na wabaya, tusiweze kuamini kwamba Mungu angeweza kutupenda.